Bakuli la Pili la Sifa

Lubunga, Kisangani, tarehe 12 Januari 2025

Kwa Benie, mutoto wa marehemu mukubwa yangu,

Mbote mingi kutoka kwa sisi wote. Hapa tuko bien, sijui kwenu kule Lowa. Marie-Jeanne, bibi yangu wa nyumba, anakusalimia. Mugongo ulikuwa unamusumbua lakini sasa anapika tena mikate yake mbele ya mulango wa ciné yangu, pale naonyesha watu filamu. Mbuzi yetu imezaa mbili. Miye niko na nguvu kama ile wakati nilivuka mto kwa kuogelea na mufuko wa mchele kichwani, na mchele haukuloa hata punje. Mutu akikuambia ilikuwa chumvi, anakudanganya. Chumvi ilikuwa siku ingine.

Bon. Djuma wa moto, ule wa pikipiki, alinifikishia flash yako ya filamu ndani ya soksi, pamoja na ile karatasi ndogo: «Tonton, tazama sehemu zote kumi na mbili, kisha ukate neno: huyu kijana ni mutu muzuri ao hapana? Nikipata jibu lako, nami nitakujibu juu ya Zacharie.»

Nilishangaa. Watu wa Zacharie wamekwisha kuleta barua yao ya kubisha mulango, na nimewapa siku: Jumamosi tarehe 14 Juni watakuja hapa na vinywaji. Wewe utakaa katikati, kwenye mukeka, na miye, fasi ya baba yako, nitakuuliza mara tatu mbele ya watu wote: «Benie, tunywe ao tusinywe?» Ukisema tunywe, umekuwa bibi ya Zacharie. Kuuliza ni kazi yangu, jibu ni lako. Alors, juu ya nini unanituma kwanza kuhukumu katuni ya Wajapani?

Lakini kama ni kuhukumu filamu, umefika kwa mwenyewe. Kwenye mto huu wote hakuna mutu anageuza filamu kama Wenceslas. Nikisimama kando ya televizyo na fimbo yangu, hata Mujapani anatoka na Kiswahili mudomoni. Wavuvi wakinisikia wanaacha kupiga kasia, mpaka maji inawabeba na wavu wao.

Nimewapa wote majina ya kwetu, watu wangu hawawezi kubeba yale ya kule. Kijana nimemwita Réné. Anakaa nyumba moja na wasichana watano, kila mumoja na dirisha yake, na wote watano wanamupenda. Yule wa ine, mwenye kunyamaza, nimemwita Sifa. Sikia sasa: Réné ni mwanaume kweli! Hadanganyi hata mumoja. Anabeba taabu zao zote: huyu amefiwa na mama, huyu baba yake analewa, huyu vita iliunguza kwao. Mutu mwenye moyo mukubwa namna hii, utamupa kosa gani?

Kosa ni la kamera. Mutoto analilia mama yake, sisi wote tunalia naye, halafu kamera inashuka kwenye sketi! Mbele ya wamama! Nilirusha kofia yangu juu ya televizyo. Sasa kofia iko na kazi kila sehemu, mara ine, mara tano.

Donc hukumu: Réné ana haki, kamera ina hatia. Nijibu upesi juu ya Zacharie.

Tonton yako,
Wenceslas


Lowa, 3 Februari 2025

Tonton Wenceslas,

Nakusalimu wewe na mama Marie-Jeanne, na zile mbuzi mbili. Hapa mvua haijatupa nafasi. Darasa la tatu nina watoto sitini na wawili na madawati tisa, lakini wako wazima. Barua yako ililala Ubundu siku nyingi kwa sababu moto ya Djuma ilikufa.

Sikutaka kuongea haya kwa simu. Réseau ni mpaka nipande mlima, na simu yako mama Marie-Jeanne ndiye anayeijibu. Tena, tonton, neno nikikuambia kwa simu, jua halizami kabla hujalifanya hadithi.

Zacharie ana wake wawili. Mmoja yuko mjini, Makiso, mmoja Ubundu. Hakunificha. Aliniambia siku ya kwanza, machozi yakamtoka. Anasema anatupenda sote, kwamba moyo wake si mwepesi, ni mpana. Anasema vizuri sana. Na nampenda, usifikiri simpendi.

Halafu mwenzangu Timothée, mwalimu wa darasa la sita, akaleta ile katuni kwenye kompyuta yake. Tuliiangalia sisi walimu wote, kwa umeme wa panneau ya jua ya shule. Wenzangu walicheka. Mimi nilimsikia Réné anasema maneno ya Zacharie, neno kwa neno.

Unasema hatia ni ya kamera. Mimi naona inazidi hapo. Filamu hii inataka kusema mambo mazito, na mara nyingine inayasema kweli: yule msichana anayekataa kufua koti la mama yake ili harufu isitoke, pale nililia. Lakini kila huzuni wanaipeleka mlango mmoja tu, kwa Réné. Msichana anaeleza taabu yake, Réné anamshika kichwa, wimbo unapigwa, taabu imekwisha, aingie mwingine. Kama foleni ya kwa mganga. Je, hiyo ni kuiheshimu huzuni? Ama wanawapa wasichana huzuni ili wapate sababu ya kumpenda? Nikisema hivi wenzangu wananiambia ni katuni tu, naharibu starehe.

Tazama tena sehemu ya tisa, pale Sifa anapoandaa chakula. Niandikie anasema nini.

Na mama Gracia wa Yanonge, hajambo? Hunipi kamwe habari zake. Katika watu wangu wote ni wewe peke yako mwenye nyumba mbili. Ndiyo maana nakuuliza wewe, sikumuuliza padri.

Binti yako,
Benie


Lubunga, 2 Machi 2025

Benie mutoto yangu,

Mbote. Tuko, Mungu hajatuacha. Watu wanaokimbia vita ya Kivu wamejaa mpaka huku ngambo yetu. Chumba cha nyuma nimemupa mama mumoja, Mbambu, na binti yake Olga. Ule binti anasoma kila kitu, hata karatasi za kufungia sukari anazisoma. Marie-Jeanne amemupenda.

Nimesoma mambo ya Zacharie. Wake wawili. Bon. Mutu kuwa na wake wawili si kuua mutu. Babu yetu alikuwa na saba, na walimupenda mpaka akiingia wanazimia kwa furaha. Walikuwa wanazimia kwa zamu, maana wakizimia wote nani atapika? Wewe hukumwona babu, miye nilimwona.

Zacharie huyo ananisalimia na mikono mbili. Ukiona mutu wa mafuta ya mawese, mwenye boti yake, anakupa mikono mbili, ujue amelelewa.

Sehemu ya tisa nimeitazama, usiwaze. Sifa anaweka bakuli mbili, anacheka vizuri, anasema: «Réné mupenzi wangu, chakula iko tayari, hapa sikosi kitu.» Watu wangu walipiga makofi mpaka bati moja likaruka, likaangukia kule gare ya treni. Njo ujue msichana wa ine ana furaha! Sasa wewe wa tatu unaogopa nini?

Uliuliza Yanonge. Kule samaki ni kidogo mwaka huu.

Wasiwasi inakausha mwili, mama. Kula.

Wenceslas


Lowa, 29 Machi 2025

Tonton,

Salamu zimefika. Na bati nimeliona likiruka. Kutoka ciné yako mpaka gare ni mwendo wa nusu saa. Nilicheka kidogo, asante kwa hilo.

Lakini hayo si maneno ya Sifa. Maneno yake yameandikwa pale chini kwa Kifaransa, nimeyasoma mpaka nayajua kwa moyo. Sikuandikii. Nataka uyasome mwenyewe. Najua uliacha shule darasa la nne, baba aliniambia, si haya. Simamisha picha, soma polepole.

Nilikuuliza mama Gracia, ukanijibu samaki.

Zacharie alipita hapa wiki iliyopita. Aliniletea kitenge, ni kile kile alichowapa wale wawili, ili siku ya 14 sote tuvae sawa. Alifikiri nitafurahi. Nilimshukuru. Tangu siku ile chaki inaniponyoka, watoto wameanza kuniokotea kabla haijafika chini.

Nina miaka thelathini na moja. Shangazi anasema mwenye kuchagua sana anabaki na kapu. Sijui nitasema nini kwenye ule mkeka, tonton, sijui kabisa. Nataka kwako neno moja la kweli. Moja tu, bila mto na bila mchele.

Benie


Lubunga, 27 Aprili 2025

Benie,

Salamu kwanza. Marie-Jeanne hajambo. Yaani hasemi na miye, lakini mwili wake hajambo.

Jumapili iliyopita nilirudisha sehemu ya tisa. Haikuwa juu yako, ni watu njo waliomba. Saa tisa ya mchana, ciné imejaa, Marie-Jeanne amekaa mulangoni na mikate. Sifa akaweka bakuli zake mbili, akacheka. Nikainua fimbo: «Réné mupenzi wangu, chakula iko tayari…»

«Uongo!»

Sauti kutoka nyuma. Ni Olga, amesimama, mikono kiunoni.

«Tonton Wenceslas, haijaandikwa vile!»

«Ah bon? Umejua Kijapani tangu lini?»

«Kijapani sijui. Najua Kifaransa. Na kiko pale chini, kila mutu anakiona.»

Watu wakafanya «Oooh!» Mama yake akamuvuta kwa nguo akae. Mzee Jérémie, yule fundi wa toleka, zile baiskeli za kubeba watu, akasema: «Acheni mutoto asome. Miaka kumi tunajaza vélo zetu na upepo wa Wenceslas. Leo tujaribu ingine.» Wakacheka. Na miye nikacheka, ningefanya nini? Olga akaja mbele, akasimamisha picha, akasoma kwa Kifaransa, kisha akaigeuza polepole:

«Bakuli la pili naliweka kila siku. Kila siku nalila mwenyewe. Nimechoka kukungoja, Réné, lakini nacheka, kwa sababu ukikuta mutu analia hutarudi.»

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia mafuta inachemka kwenye sufuria ya mikate, toka kule mulangoni mpaka kwangu. Halafu Marie-Jeanne akasema, bila kugeuza kichwa, kama vile mutu ameulizwa bei: «Hiyo, sisi tuliijua.»

Sisi. Alisema sisi, Benie. Sisi ni nani na nani?

Sasa nikuambie kitu ambacho hata baba yako hakukijua. Yale maandishi yanakimbia. Siyafikii. Miaka kumi nageuza filamu kwa kutazama nyuso: mutu amekunja uso, nasema ana hasira, mutu anacheka, nasema ana furaha. Nilidhani sijakosa hata siku moja. Juu ya sketi nilikuwa na kofia ya kutupa. Juu ya ule uso wa Sifa sikuwa na kitu cha kutupa, na hakuna mutu alitaka nitupe.

Lile neno lako la kweli sina bado. Nitashuka Yanonge nitafute. Usijibu mutu kitu.

Wenceslas


Lowa, 18 Mei 2025

Tonton,

Salamu kwenu. Tangu mwezi wa tatu sijapata hata mstari mmoja. Wanasema daraja la njia ya Ubundu limeanguka na Djuma hapiti. Kila boti ikifika nateremka na kuuliza, mpaka wachukuzi wamenipa jina, mama barua.

Nimeona sasa. Mzee akinyamaza, amekubali. Shangazi ameshashona kitenge changu, kile cha sisi watatu. Nitapanda boti tarehe 9 niwe Lubunga tarehe 12. Ukiniuliza kwenye mkeka, nadhani nitasema tunywe, kwa sababu sina kitu mkononi cha kunifanya niseme neno lingine, isipokuwa katuni. Na mtu hawezi kumkataa mume kwa ajili ya katuni. Si kweli?

Huku wengine wote wanafurahi. Nami nacheka.

Benie


Yanonge, tarehe 1 Juni 2025

Benie mutoto yangu,

Barua yako ya tarehe 18 imenifikia kwa boti, ile yangu ya mwezi wa ine imekwama kule darajani na Djuma. Zote mbili atazifunga pamoja, hii na ile. Atavuka pale na mutumbwi, akungojee Ubundu. Boti yako ikitia nanga, usishuke kununua hata ndizi kabla hujazisoma.

Naandika kwenye meza ya Gracia. Yeye na watoto ni wazima. Ni mara ya kwanza nakuandikia jina lake.

Unajua miaka yote hii namwambia: Ijumaa nitakuja. Ijumaa moja nakuja, tatu siji, kuna filamu, kuna mvua, kuna Marie-Jeanne. Sikuona ni jambo, maana nikifika anacheka. Basi Ijumaa hii ya juzi nimeshuka mutumbwi, napanda njia, mbele yangu namwona jirani, Daudi, anaenda kwa Gracia na sahani tupu mukononi. Nyuma yake watoto wake watatu, kila mumoja na sahani. Akageuka akaniona.

«Ah! Papa Wenceslas! Umefika?»

«Nimefika.»

Akawaambia watoto: «Rudini, leo hatuli.» Kisha akanishika mukono na mikono yake mbili, Benie, mikono mbili, akasema kwa moyo safi kabisa: «Asante sana kwa zile Ijumaa zingine zote.»

Gracia anapika samaki ya miye kila Ijumaa. Jioni ikifika na sijafika, anawaita jirani. Watu wa hapa wamelishwa na kukosa kwangu. Nilimuuliza ni Ijumaa ngapi. Alikuwa anaosha sahani. Akasema: «Nilihesabu mwaka wa kwanza.» Nikamuuliza juu ya nini hakuniambia. Akacheka, ule uso ninaoujua. Nikamwambia, acha kucheka. Akaacha. Sijui nikueleze nini juu ya ule uso mwingine. Sikuwahi kuuona, na ni wa bibi yangu.

Sasa hukumu yangu, ya kweli, ile ya Januari uichome. Mwisho wa katuni wote watano wako juu ya paa na Réné, fataki zinawaka, wanacheka. Watu wangu wanapenda pale kuliko fasi zote. Pale njo filamu inadanganya. Si kwa sababu wako watano. Ni kwa sababu haitaki kutuonyesha nyumba siku Réné hayuko. Sehemu ya tisa ilijaribu, dakika mbili, halafu ikaogopa ikakimbilia sketi. Ulisema huzuni zote wanazipeleka kwa Réné. Kweli. Na ile huzuni inayotoka kwa Réné mwenyewe wataipeleka mulango gani? Kwa Daudi, na sahani.

Sisemi Zacharie ni mutu mubaya. Hata miye sikuwa mubaya, nilikuwa na moyo mupana. Umesema mutu hawezi kumukataa mume juu ya katuni. Bon, usikatae juu ya katuni. Ukatae juu ya samaki. Ao umukubali, lakini samaki umeijua, na tonton yako hakukuficha.

Siku ya 14 nitakuuliza mara tatu, polepole, hata watu wakinuna. Casier yao ya bière, ile sanduku ya chupa, sitaigusa na kidole. Ukisema tusinywe, nitaibeba mwenyewe kichwani mpaka kivukoni, niwarudishie. Na hii si ya mchele.

Wenceslas


Lubunga, 29 Juni 2025

Benie,

Mbote kutoka kwetu. Natumaini boti ilikufikisha vizuri na chaki haianguki tena. Marie-Jeanne amenisemesha Jumanne, alisema: «Pisha, napita.» Ni mwanzo. Mbuzi moja imepotea.

Watu wa Zacharie walinituma mutu wiki hii, wanataka kujua kama ile mara ya tatu ulisikia vizuri swali. Niliwajibu kwamba wewe ni mwalimu, maswali unayasikia. Yeye mwenyewe hajapita. Nasikia analia, na naamini analia kweli.

Kwenye ciné sasa Olga anasoma maandishi na miye nafanya sauti. Réné kidogo, Sifa mingi. Watu wengine wamekimbia, wanasema filamu zangu zimekuwa na baridi. Jumapili kabla ya kuwasha, mzee Jérémie akapaza sauti: «Wenceslas, tuelezee siku ya casier! Tulikuona unapita nayo kichwani, jasho mpaka kwenye viatu. Zilikuwa ngapi?»

Nilisimama na fimbo yangu. Wote walikuwa wananingoja, na namba sita ilikuwa imekwisha kufika kwenye ulimi.

«Moja,» nikasema.

«Moja tu?»

«Moja. Na nilipumzika mara mbili njiani.»

Ijumaa nilishuka Yanonge. Kwenye njia nilimukuta Daudi na watoto na sahani zao. Akaniona, akataka kuwarudisha. Nikamwambia hapana, twende. Gracia alitutazama tunaingia wote, na hakucheka. Akatandika mukeka.

Samaki ilikuwa moja. Miye nilipata mukia.

Tonton yako,
Wenceslas